Warumi na Bizari ya Pilau

Mtaa wa Asiatique, Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Yasini,

Cheka kwanza, umalize, halafu rudi hapa tuendelee. Najua ni neno "mwanangu" linalokuchekesha. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na moja, na mwaka jana viatu vyangu vya shule vilikuwa vinakutosha ukivaa soksi mbili. Lakini baba yako ni kaka yangu, tumbo moja, na kwetu ndugu wa baba ni baba: mkubwa ni Baba Mukubwa, mdogo ni Baba Mudogo, na mimi ni mdogo hata kwa kimo. Kwa hiyo ninaandika kama baba. Mtoto akitoka nyumbani baba anamwandikia, na ukingoja baba mwingine akuandikie, utangoja sana.

Mengine yote bibi yako ameshayashughulikia. Habari ya mswaki, habari ya kutochezea maji ukiwa juu ya meli, habari ya kuvaa fulana ya ndani hata jua likiwaka. Amezisema tangu Jumatatu. Kesho bandarini atazisema tena mbele ya mabaharia, na mjomba wako anayekupeleka Kigoma kwa mama yako atazisikia zote, na naye, maskini, atavaa fulana. Mimi siongezi kitu hapo.

Mimi nina jambo moja, na ni kosa langu. Nilikudanganya kuhusu Warumi.

Si kuhusu kila kitu. Vyoo vyao ni kweli. Tembo waliovuka milima ya theluji ni kweli, ingawa theluji yenyewe sijaiona, na nilikuambia ni kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria kwa sababu ndiyo kitu cheupe na baridi nilichokuwa nacho karibu. Nilikudanganya kuhusu wale askari wa msituni. Na kwa kuwa nilikudanganya juu yao, nilikudanganya juu ya baba yako pia. Kesho unaondoka. Sitaki mtu wa melini au mtoto wa jirani huko Kigoma akuambie kabla yangu.

Utauliza kwa nini sikukuita tu, tukakaa juu ya gunia la mchele, nikasema. Yasini, unanijua. Unakumbuka yule mama aliyesahau mwavuli wake dukani kwetu? Mtu mwingine angemwita: "Mama, mwavuli!" Maneno mawili. Mimi nikaona haya kupaza sauti barabarani, nikauchukua mwavuli, nikamfuata kimya kimya hatua kumi nyuma yake, nikimngoja ageuke mwenyewe. Akageuka tumeshafika Buyenzi, mtaa mwingine kabisa. Akaona kijana jasho linamtoka, kashika fimbo nyeusi, akapiga kelele ya mwizi mpaka watu wakatoka kwenye karakana na spana mikononi. Niliokolewa na fundi mmoja aliyesema, "Muacheni, huyu ni mutoto wa Mama Ramadhani wa Asiatique, yeye haongeaka."

Shuleni ni vile vile. Wamenisomesha kwa Kirundi, wamenisomesha kwa Kifaransa, na katika lugha zote mbili nimenyamaza vizuri sana. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mwanafunzi mtulivu. Bibi yako akaibandika ile ripoti ukutani, akidhani nimeshinda kitu.

Sasa fikiria mtu kama huyo anapewa mtoto.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kamyo, lori la baba yako, kutoonekana. Unakumbuka alivyokuwa. Ramadhani hakuingia mtaani kimya hata siku moja. Alianza kupiga honi tangu kona ya msikiti, bibi yako anatoka na mwiko kumtukana, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Safari ile alikuwa amepakia chumvi na sabuni kwenda mjini Ngozi. Wazee wakaja nyumbani, Baba Mukubwa Hamadi, kaka wa baba yangu mimi, akiwa mbele, wakafunga mlango. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliitwa kupakua chakula, nikabaki mle ndani kwa sababu sikujua namna ya kuaga.

"Mama ya mutoto anarudi kwao Kigoma na ule mutoto muchanga," akasema Baba Mukubwa Hamadi. "Yasini iko na shule hapa. Basi baba yake hapa ni nani?"

Halafu shangazi akaninyooshea kidole. "Si huyu Idi? Baba mudogo ni baba."

"Idi, unakubali?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali. Mimi hata nikiwa sina kitu mdomoni sisemi, sembuse na wali. Nikatikisa kichwa juu chini, maana yangu ilikuwa nipeni maji.

"Amekubali!" akasema Baba Mukubwa. "Mumeona? Hata hakufikiri. Huyu ni mwanaume."

Siku ile waliamua mambo mawili. La kwanza ndilo hilo. La pili nitalifikia, na usirukie chini kulitafuta. Ninakujua, unapenda kusoma mwisho kwanza.

Nilipokuwa baba, sikujua baba anafanya nini. Niliwaangalia wale wa mtaani. Walikuwa wanakohoa sana na kuuliza chumvi iko wapi. Nikakohoa wiki nzima, bibi yako akanipikia tangawizi. Wewe ulikuwa na miaka minane, ulikaa kwenye kizingiti cha duka ukitazama kona ya msikiti, na mimi nilikaa nyuma ya mizani nikikutazama wewe, na kati yetu hakuna aliyesema neno. Ndipo kilipokuja kitabu.

Hapa inabidi nikiri kosa dogo kabla ya lile kubwa. Unajua kazi yangu dukani: kukunja karatasi. Karanga, pilipili, bizari ya pilau, vyote vinaingia kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Karatasi zinatoka kwenye makatoni ya vitabu vya zamani, na katoni moja lililetwa na mtu aliyekuwa mpishi kwenye nyumba moja ya Kigobe, mtaa wa matajiri, ambayo wageni wake walikuwa wamerudi kwao haraka bila kubeba kitu. Ndani yake mlikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa, hakina jalada, kwa hiyo jina la mwandishi silijui mpaka leo. Mimi ninachana kuanzia nyuma, ndivyo nilivyofundishwa, kurasa za nyuma zinatoka upesi. Nilichana siku nne. Siku ya tano mteja alichelewa kutoa kikapu chake, na mimi, ili nisimtazame usoni, nikatazama ukurasa niliokuwa nimeushika.

Ulikuwa unaeleza vyoo. Warumi walijenga vyoo vya watu ishirini kwa pamoja, mstari mmoja wa jiwe, hakuna ukuta katikati, na watu walikaa pale wakiulizana habari za nyumbani. Nikawaza, mimi katika mji ule ningekufa siku ya pili. Nikasoma mstari uliofuata. Yule mteja akaniita mara tatu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshauza mwisho wa dola ya Rumi kabla sijajua mwanzo wake. Tangu hapo ukiniuliza Warumi walikwishaje, jibu la kweli ni kwamba walikwenda na karanga, pakiti moja moja, na walioondoka nazo ni wanafunzi wa shule ya msingi. Kilichobaki nilikificha chini ya mizani.

Miezi ile shule zilikuwa zinafungwa, zinafunguliwa, zinafungwa. Kuvrefe, ile amri ya vita ya kutotoka nje, ilitutia ndani mapema, jua bado liko juu ya mapaa, na redio bibi yako alikuwa haitaki. Nikakuita nyuma ya duka. Nikafungua kitabu, nikasoma kwa macho Kifaransa, nikasema kwa mdomo Kiswahili. Na sauti ikatoka, Yasini. Nilishtuka mwenyewe. Nilikuwa nadhani sina.

Kitabu kile hakikuwa kama vya shule. Mwandishi wake alikuwa kama mtu aliyekaa barazani kwao, anajua nani alikula nini, nani alikuwa na upara na akavaa taji la majani kuuficha. Maneno mengine sikuyajua, nikayaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Ulikuwa unajua nikiruka. Ulisema, "Baba Mudogo, umekanyaga."

Unakumbuka siku ya kula tumelala? Nilikusomea kwamba wakubwa wa Rumi walikula wamejilaza ubavuni, kiwiko kwenye mto. Jioni ile bibi yako akaweka ugali na ndagala wa ziwani, akageuka kuchukua maji, akarudi akakukuta umejinyoosha kwenye mkeka kama mgonjwa, umejifunga shuka yake ya kuswalia, unameza tonge, na tonge limekataa. Alikupiga mgongoni mpaka ndagala mmoja akatoka mzima.

"Nani amekufunza kula umelala?"

"Warumi, bibi."

"Warumi gani? Wanakaa wapi? Mama yao nani?"

Ukanitazama. Mimi nikatazama ugali.

"Idi! Ni we unamuletea mutoto marafiki wa namna hii?"

Kesho yake alikibeba kitabu chini ya kanga mpaka kwa mwalimu wa madrasa, akitaka kichomwe. Mwalimu akamwambia, mama, hawa Warumi wametajwa kwenye Msahafu, wana sura nzima yenye jina lao. Akarudi amenyooka. Akakiweka kwenye kabati pamoja na vikombe vya wageni, na tangu siku hiyo jioni alileta ungo wake wa mchele, akakaa karibu, akachambua mawe, na tukinyamaza anasema, "Eh, na hawa watu wa kwenye Msahafu leo wako wanafanya nini?"

Ndiyo maana kosa la mabata ni la kwetu sote watatu. Mimi nilisoma tu: adui alipanda kilima, mbwa wa Warumi wakalala, mabata bukini wakapiga kelele, mji ukapona. Wewe ndiye uliyesema, "Bibi, na sisi tuweke." Na yeye ndiye aliyekwenda Mutakura sokoni akarudi na wawili ndani ya kikapu, vichwa nje, wanatazama mji kama mawaziri. Wale mabata, Yasini! Walimpigia kelele muadhini alfajiri. Walimpigia kelele mwuza maziwa. Baba Mukubwa Hamadi alikuja na baiskeli yake, na mmoja akamshika suruali asiachie, mzee anazunguka ua mzima anasema, "Mimi ni mwenye nyumba! Mimi ni mwenye nyumba!" Lakini risasi zikilia milimani, kimya. Wanaingiza vichwa kwenye mbawa. Na mwizi alipokuja, mchana, saa saba, sisi tuko dukani, akawachukua wao wenyewe, na hawakusema hata kwa heri.

Wiki mbili baadaye tulipita Mutakura, bata mmoja kwenye kizimba cha mchuuzi akatuona, akaanza kutupigia kelele mpaka watu wakageuka kututazama sisi kama wezi. Bibi yako akasema, "Ona mujinga! Sasa ndiyo analinda!" Na wewe ukamtetea mwandishi. Ukasema kitabu kilikuwa kinasema mabata ya Rumi, hakikusema ya Mutakura.

Ninacheka peke yangu hapa. Bibi yako ameingia sasa hivi, ameniona.

"We Idi, tangu alasiri unaandika nini? Unaandika Msahafu?"

"Barua, mama."

"Barua kwa nani? Mutoto iko kwa kinyozi, si kwa Mfalme wa Uarabuni. Umuambie kwa mudomo."

Nimemwambia kalamu inakwisha, acha niimalize. Amekwenda kuongeza kitu kwenye begi lako. Nadhani ni fulana.

Basi lile kosa kubwa.

Ilikuwa mwezi wa mvua. Nilifika mahali ambapo Warumi walipeleka vikosi vitatu upande wa kaskazini, maelfu ya watu, wakiongozwa na mwenyeji waliyemwamini. Akawapitisha msituni. Njia nyembamba, matope, miti, mvua, na watu waliokuwa wanawangoja pande zote. Halafu ukurasa unarudi mjini Rumi, kwa mfalme mzee aliyeacha kunyoa ndevu, anapiga kichwa chake kwenye mlango, anadai arudishiwe vikosi vyake. Nilisoma mpaka hapo. Ulikuwa umelala chali, ukainuka ukakaa.

"Walirudi?"

Jibu lilikuwa mstari wa chini yake, nimeliona tayari. Na mkono wa bibi yako ulikuwa umesimama kwenye ungo.

Nikasema, "Walirudi. Ila walipita njia nyingine."

"Njia gani?"

"Ya mbali. Ndiyo maana walichelewa."

"Wote?"

"Mmoja mmoja."

Ukajilaza tena. Bibi yako akaendelea kuchambua, lakini jioni ile mchele ulikuwa na mawe mengi kuliko siku zote.

Kesho yake kitabu sijakifungua, ukauliza, "Leo karudi nani?" Nikajikuta ninaye. Nilikuwa na mmoja aliyerudi kwa mtumbwi, usiku anapiga kasia, mchana anajifanya gogo. Siku iliyofuata mmoja aliyejifunza kuoka mikate njiani, akafika mwaka mzima baadaye, mnene, mama yake hakumjua mpaka alipoonja mkate. Mmoja alirudi amevaa nguo za kike, akachumbiwa mara mbili kabla ya kufika. Mmoja aliuza mifagio kijiji kwa kijiji. Mmoja alikwenda upande usio wake miezi sita kwa sababu aliona haya kuuliza njia. Huyo ulisema ni mimi. Bibi yako alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nilikuwa kijana asiyeweza kumwambia mtu mwavuli wake umebaki, na jioni nilikuwa na watu wawili wanaongoja nifungue mdomo.

Halafu ukaanza kujua Kifaransa. Nikisoma, kidole chako kilikuwa kinatembea kwenye mistari, kinanifuata, na siku moja kikafika karibu na ukurasa ule. Asubuhi yake, kabla hujaamka, niliuchana. Mama Sauda, yule jirani wa sambusa, alikuwa mteja wa kwanza. Alitaka bizari ya pilau. Nikaifunga kwenye ukurasa ule, nikaukunja mara mbili zaidi ya kawaida, nikampa. Nikajisikia kama mtu aliyezima moto.

Sasa jambo la pili la wazee. Baba Mukubwa Hamadi alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye njia ile ya Ngozi. Aliiona kamyo. Ilikuwa imeungua yote. Watu wa pale walikuwa wameshamzika baba yako pamoja na utingo wake, walimzika vizuri, wakampa Baba Mukubwa funguo za nyumba zilizobaki, zile zenye pete ya shaba. Ziko kwa bibi yako, chini ya mto wake. Wazee wakasema mtoto asiambiwe mpaka awe mkubwa, na mama yako naye akaapishwa. Mimi mdomo ulikuwa na wali. Baba yako hakupita njia nyingine, Yasini. Hayuko Zambia, hayuko Kongo, kama ulivyokuwa unaambiwa. Ni hilo tu. Nimeliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa.

Na ninachokiri si kwamba nilinyamaza kwa sababu waliniamuru. Ningeweza kuvunja amri, nina siri nyingine nyingi ambazo bibi yako hazijui. Nilinyamaza kwa sababu jioni zile zilikuwa nzuri. Kila askari niliyemrudisha nilimpa kitu cha kaka yangu. Yule wa mikate alikuwa na kicheko chake. Wa mifagio alikuwa na pengo lake la mbele. Wa mtumbwi alikuwa anaimba kwa sauti ile mbaya. Nilikuwa ninamleta nyumbani vipande vipande, na nilipokuwa nakuambia ni kwa ajili yako, nilijua ni kwa ajili yangu. Sasa ninajua mtu anaweza kumnyima mtoto jambo lake mwenyewe, aliloachiwa na baba yake, na akajiita mwenye huruma. Nisamehe hilo kwanza. Warumi utanisamehe baadaye.

Ngoja, ninakwenda kuiweka hii ndani ya kitabu, kwenye begi lako, kabla hujarudi.

Nimerudi. Barua bado ninayo.

Nilifungua kitabu mahali pale, pale ulipobaki ukingo wa karatasi niliyochana, ili barua ikae hapo. Hapakuwa na ukingo. Ukurasa ulikuwa mahali pake. Umeshikizwa na plasta ya kidonda, ile ya kwenye kabati ambayo bibi yako alidhani inaliwa na panya. Umelowa mafuta mpaka unapitisha mwanga kama kioo, na mikunjo yake yote ina bizari. Nikaelewa. Mama Sauda hatupi karatasi. Alimimina bizari yake, akafungia sambusa, na mnunuzi wake wa kila saa nne alikuwa ni wewe.

Juu ya kila neno la Kifaransa kuna neno la Kiswahili, kwa penseli, mwandiko wako wa darasa la nne. Umefanya kazi nzuri kuliko mimi, hukuruka dimbwi hata moja. Pale penye mfalme na mlango umeandika pembeni: "bibi." Na juu ya mstari ule wa chini umeandika: "hata mumoja hakurudi." Halafu, kwa herufi ndogo sana, "na kamyo."

Nimekaa juu ya gunia. Nyuma ya ukurasa uliandika orodha. Wa mtumbwi. Wa mikate. Wa nguo za kike. Wa mifagio. Wa haya. Wote wapo, mpaka yule wa mwezi wa mfungo uliopita aliyerudi na mbuzi. Wa mbuzi, Yasini! Ulikuwa umeshajua miaka miwili. Jioni ile nilikuwa nimefeli mtihani, nimekaa nyuma ya mizani sitaki kula, ukaja ukasimama, ukaniuliza, "Baba Mudogo, leo karudi nani?" Nami nikakuonea huruma, nikakutungia mbuzi.

Basi sijui tena nani alikuwa anamlea nani, na sitauliza. Barua siichani. Ulipojua ulijua peke yako, na hilo ndilo linaloniuma. Sasa umeambiwa na baba yako, hata kama ni mdogo. Ukifika Kigoma, mama yako naye anajua na anadhani hujui. Usimtungie askari. Mwonyeshe huu ukurasa, afungue mdomo na yeye. Kitabu nenda nacho. Mwisho hakina, mwisho tuliuza.

Bibi yako nitamwambia mimi, kwa mdomo. Nikishindwa nitakula wali kwanza. Na zile funguo nitamwomba zije kwako. Nadhani atakubali, atazifunga ndani ya fulana.

Kesho bandarini nitakuwa nyuma ya watu, karibu na magunia. Ukinipungia mkono mbele ya mabaharia nitaona haya, lakini nipungie tu. Na kwa kuwa utauliza, ninakujua, leo yuko mmoja, wa mwisho. Alitoka mle msituni na begi lililojaa fulana, ana miaka kumi na moja, kichwa kimenyolewa upya, akapanda meli. Huyu kama alifika sijui. Habari zake ndizo nitakazokuwa ninamwuliza bibi yako kila jioni. Uniandikie neno moja tu, kwa lugha yoyote unayotaka kati ya hizo unazozijua: amefika.

Ninakusikia mlangoni, unamwambia bibi yako kinyozi amekukata sikio. Ninakunja.

Baba yako,
Idi